Tangawizi: Dawa ya Nini Hasa?

 Leo tuongee habari ya tangawizi. Ukiingia soko la Kariakoo, Darajani au Kongowea utaikuta imepangwa mafungu mafungu mezani, na ukisita kidogo muuzaji atakusaidia kuamua. Atakwambia inaondoa mafua. Inashusha presha. Inarekebisha sukari. Inakata kitambi. Inasafisha damu. Na kama anaongea na mwanamume, atasogea karibu, atapunguza sauti, kisha aongeze na ile nyingine unayoijua. Fungu moja, maradhi sita, na chenji unarudishiwa.

Simlaumu muuzaji. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Nina neno na sisi tunaonunua. Hoja yangu leo ni hii: tangawizi ina kazi yake, kazi hiyo imepimwa kwa watu, na ni kazi ya maana. Lakini tukiitwika kila ugonjwa, tunaisahau ile kazi moja tuliyokuwa na uhakika nayo, na wakati mwingine tunamponza mgonjwa.

Tuanze na mmea wenyewe. Wengi wetu huita mzizi, lakini kile tunachokimenya ni shina, shina linalotambaa chini ya udongo na kutoa machipukizi. Tangawizi ni ndugu wa manjano na ndugu wa iliki. Haijulikani kuota porini popote duniani. Kila ilipo, kuna mtu aliyevunja kipande akakifukia. Asili yake ni kusini-mashariki mwa Asia, na mabaharia wa huko waliisafirisha mbali kabla hata ya kuandikwa kwa vitabu vingi tunavyovijua.

Kwetu pwani si mgeni. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyepita pwani hii katika karne ya 14, aliandika kwamba Mogadishu alikaribishwa wali wa samli, na kando yake wakamwekea malimau ya chumvi, pilipili, maembe na tangawizi mbichi. Waislamu wanaikuta katika Surat al-Insan, ikitajwa kwenye kinywaji cha watu wa peponi. Na ile tiba ya Wayunani waliyoirithi matabibu wa Kiarabu, ikatufikia na sisi kwa jahazi, ilivigawa vyakula mafungu mawili, vya moto na vya baridi, na tangawizi ikawekwa upande wa moto. Ndiyo maana mpaka leo mama aliyetoka kujifungua huletewa uji wenye pilipili manga na tangawizi, na mzee anayelalamika baridi ya mifupa huambiwa, "Baba, korogea tangawizi kwenye chai."

Sasa tazama jambo moja. Dioscorides, tabibu wa Kiyunani wa karne ya kwanza, aliandika kwamba tangawizi inapasha joto, inasaidia chakula kusagika, na inalifaa tumbo. Miaka karibu 2000 imepita. Vimekuja vipimo, maabara na hospitali za rufaa, na wataalamu walipoichunguza tangawizi kwa utaratibu wa kisasa, ushahidi ulio imara kuliko wote waliukuta palepale kwenye tumbo, na hasa kwenye kichefuchefu.

Nieleze kidogo utaratibu huo, kwa sababu ndio utakaotuongoza mpaka mwisho. Mwaka 2001, madaktari wa Chiang Mai, kule Thailand, waliwachukua wajawazito 70 waliokuwa wakisumbuliwa na kichefuchefu cha mimba changa. Wakawagawa makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi la kwanza lilipewa vidonge vya unga wa tangawizi, gramu moja kwa siku, ikigawanywa mara nne, kwa muda wa siku nne. Kundi la pili lilipewa vidonge vinavyofanana kabisa na vile, ila ndani havina dawa. Mama mwenyewe hajui amemeza kipi. Watatu hawakurudi. Katika 32 waliomeza tangawizi, 28 walisema kichefuchefu kimepungua. Katika 35 waliomeza vidonge vitupu, waliosema hivyo walikuwa 10.

Hiyo ni tofauti ya kuonekana, na tafiti nyingine zilizofuata katika nchi mbalimbali zimeelekea upande huohuo, ingawa zinaonyesha kwamba tangawizi hupunguza kichefuchefu zaidi kuliko inavyozuia kutapika kwenyewe. Chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani, ACOG, kinaitaja tangawizi miongoni mwa njia ambazo mjamzito anaweza kuzijaribu kabla ya kufikia dawa za duka.

Kwa hiyo, mama unayenisikiliza na mimba yako ya miezi miwili, mitatu, kikombe cha chai ya tangawizi asubuhi si ushirikina wa bibi. Bibi alikuwa sahihi. Lakini nisikilize na hapa. Ukiwa unatapika kila unachokula, hata maji hayakai, mkojo umekuwa kidogo na mzito, kizunguzungu kinakushika ukisimama, hapo umeshatoka nje ya uwezo wa tangawizi. Nenda kituo cha afya. Unahitaji maji ya mishipa na dawa. Na ukiwa na homa pamoja na kutapika, usijiambie ni mimba tu. Kapime malaria siku hiyohiyo, maana malaria na mimba havitaki kungojana.

Tuvuke bahari kidogo. Anayesafiri kwa boti kutoka Unguja kwenda Pemba msimu wa kusi anajua mkondo ule ulivyo. Wahudumu wanapoanza kugawa mifuko ya kutapikia, kila mtu anaelewa kinachokuja. Je, tangawizi inasaidia? Mwaka 1982, watafiti wawili wa Marekani waliwazungusha kwenye kiti vijana 36 wanaougua upesi kwa kuzungushwa, na wakaona waliokunywa unga wa tangawizi walistahimili kuliko waliomeza dawa ya kawaida ya safari. Mwaka 1988, Denmark, wanafunzi 80 wa jeshi la majini wasiozoea mawimbi walijaribiwa kwenye bahari iliyochafuka, na waliopewa gramu moja ya tangawizi walitapika kidogo kuliko wenzao. Lakini mwaka 1991 Wamarekani wengine wakajaribu tena, na hawakuona kinga yoyote. Maana yake, kwa safari, ushahidi umegawanyika. Ukitafuna kipande kabla ya kupanda boti hutapata hasara. Ila usije ukanidai nauli ukitapika.

Kwa wagonjwa wa saratani wanaopewa dawa za dripu zinazochafua tumbo, habari ni nzuri kiasi. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012 uliwafuatilia wagonjwa 576. Wote waliendelea na dawa za hospitali za kuzuia kutapika, na juu yake baadhi yao wakaongezewa tangawizi. Siku ya kwanza ya tiba, kichefuchefu kilipungua kwa waliopewa tangawizi. Na kuna jambo hapo la kutiliwa maanani. Walijaribu vipimo vitatu: nusu gramu, gramu moja, na gramu moja na nusu. Vilivyosaidia zaidi ni vile viwili vya chini. Kuzidisha hakukuongeza faida. Sisi tuna tabia ya kufikiri kwamba kama kijiko kimoja kinafaa, basi vitatu vinafaa mara tatu. Tumbo halihesabu hivyo.

Pengine unajiuliza, inafanyaje kazi? Ule ukali unaokuunguza ulimi unatokana na viini vinavyoitwa jinjeroli. Tangawizi ikikaushwa, sehemu ya jinjeroli hubadilika kuwa shogaoli, ambayo ni kali zaidi. Ndiyo sababu unga mkavu una makali ambayo mbichi haina. Viini hivi vinagusa neva za mdomo na tumbo mahali palepale panapoguswa na pilipili. Na vinaonekana kuliharakisha tumbo kumimina chakula kwenda kwenye utumbo. Huko Taiwan, mwaka 2008, watu 24 wazima wa afya walimeza gramu 1.2 za tangawizi kisha wakanywa supu. Nusu ya supu ilitoka tumboni kwa takriban dakika 13. Siku waliyomeza vidonge vitupu, ilichukua takriban dakika 27. Kwa hiyo yule anayesema "nimekula pilau, tumbo limejaa, nipeni kahawa ya tangawizi" ana hoja.

Tuondoke tumboni, twende kwenye maumivu. Hapa hatua zetu ziwe za polepole zaidi.

Maumivu ya hedhi kwanza. Mwaka 2009, Iran, wanafunzi wa kike 150 waligawanywa makundi matatu. Wa kwanza walimeza tangawizi, miligramu 250 mara nne kwa siku, katika siku tatu za mwanzo wa hedhi. Wengine walimeza aibuprofeni, na wengine dawa nyingine ya maumivu ya aina hiyohiyo. Mwishoni, nafuu ilikuwa karibu sawa kwa makundi yote. Ni habari njema kwa binti ambaye aibuprofeni inamchoma tumbo. Lakini ewe mama wa binti huyo, kama maumivu yanamlaza kitandani kila mwezi na kumkosesha masomo, usimalizie kwenye birika. Maumivu ya namna hiyo yanaweza kuwa na chanzo kinachohitaji daktari wa wanawake.

Halafu kuna magoti. Utafiti wa mwaka 2001 uliwahusu wagonjwa 247 wenye magoti yaliyolika. Baadhi yao walipewa dondoo la tangawizi lililochanganywa na mmea mwingine wa ukoo wake. Asilimia 63 ya hao walipata nafuu ya maumivu wakisimama. Unasema, alhamdulillahi, dawa imepatikana! Subiri. Katika wale waliomeza vidonge vitupu, waliopata nafuu walikuwa asilimia 50.

Hebu tulitafakari jambo hili, msikilizaji, maana kwangu mimi ndilo kubwa kuliko yote ya leo. Nusu ya watu waliomeza kidonge kisicho na dawa walipata nafuu. Hawakusema uongo. Maumivu ya magoti hupanda na kushuka yenyewe. Mtu hutafuta dawa siku anapoumwa sana, na siku inayofuata siku mbaya kwa kawaida huwa afadhali kidogo, ameze au asimeze. Tena kule kuhudumiwa na kutumaini kuna nguvu zake mwilini. Sasa chukua watu kumi mtaani kwako, wape chochote kile chenye harufu kali, mwambie kila mmoja ni dawa ya magoti. Watano watarudi kukushukuru, na hao watano ndio watakaozungumza msikitini, kanisani, saluni na kwenye daladala. Wale watano wengine watanyamaza. Hivyo ndivyo ushuhuda unavyozaliwa. Faida ya tangawizi yenyewe katika utafiti ule ilikuwa ni ule umbali kati ya 50 na 63. Ipo, ila ni ndogo, na waliopewa tangawizi walisumbuliwa na matumbo kuliko wenzao.

Basi ukisikia "jirani yangu alikunywa akapona", swali la kuuliza si kama jirani ni mkweli. Swali ni: wangapi walikunywa, na wale ambao hawakunywa walikuwaje?

Kwa swali hilo mkononi, turudi kwenye meza ya muuzaji, tuyapitie yale maradhi sita.

Mafua na kikohozi. Kinywaji cha moto kinalainisha koo, kinapunguza kuziba kwa pua kwa muda, na kinakupa maji unayoyahitaji. Hilo ni kweli, na tangawizi inalifanya liwe tamu kunywa. Lakini kuua virusi vya mafua ndani ya mwili wa mtu ni habari nyingine. Zipo tafiti zilizoonyesha tangawizi mbichi ikizuia virusi vya mapafu katika seli zilizooteshwa maabara. Seli kwenye kichupa si mtu. Tunakumbuka mwaka 2020 wakati wa korona, Tanzania nzima ikinuka tangawizi na malimau. Watu wakajifukiza, wakanywa, bei zikapanda sokoni. Nyakati za hofu mtu hushika alichonacho, na mimi simcheki aliyeshika tangawizi. Aliyenisikitisha ni yule aliyeanza kubanwa na kifua akaongeza kikombe badala ya kukimbilia hewa ya oksijeni. Na kama unachanganya tangawizi na asali kwa ajili ya mtoto, kumbuka: asali hapewi mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, hata kidogo. Inaweza kubeba vijidudu vinavyomlegeza mtoto mchanga mpaka ashindwe kupumua.

Presha na sukari. Kuna tafiti ndogo ndogo zilizoona sukari ikishuka kidogo kwa wagonjwa waliomeza unga wa tangawizi kwa wiki kadhaa, na nyingine hazikuona kitu. Kwa presha ni hivyohivyo. Kile kinachoonekana ni kidogo mno kuweza kuchukua nafasi ya dawa uliyoandikiwa. Presha haiumi. Mtu anaweza kuacha vidonge, akanywa tangawizi miezi sita akijiona mzima, kisha siku moja mkono mmoja ukakataa kunyanyuka. Kiharusi hakitumi barua.

Kitambi. Maji ya tangawizi hayayeyushi mafuta. Anayekunywa maji ya tangawizi badala ya soda mbili kwa siku atapungua, na kilichompunguza ni zile soda alizoziacha. Chupa ya soda ya mililita 300 ina sukari ya takriban gramu 30, kama vijiko saba vya chai. Na usidanganywe na soda yenye ladha ya tangawizi; ni soda kama nyingine. Vilevile ile chai yetu ya maziwa ya tangawizi yenye sukari vijiko vinne kwa kikombe, ukinywa vikombe vitatu, tangawizi imekufaa tumbo na sukari imekudai kwingine.

Kusafisha damu. Damu yako ina wasafishaji wake, nao ni figo na ini, na wanafanya kazi usiku na mchana bila kuagizwa. Ukitaka kuwasaidia, kunywa maji, punguza chumvi, punguza pombe, na usimeze dawa za maumivu kiholela.

Nguvu za kiume. Ushahidi unaonukuliwa mara nyingi umetokana na panya. Lakini nina jambo zito zaidi la kuwaambia akina baba. Kupungua kwa nguvu hizo kwa mtu wa miaka 40 au 50 mara nyingi ni dalili ya awali ya sukari, ya presha, au ya mishipa ya damu iliyoanza kuziba. Mishipa ya sehemu hizo ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo huonyesha tatizo mapema. Anayelifunika jambo hilo kwa mchanganyiko wa kwenye chupa ya maji, ulionunuliwa kwa aibu kituo cha mabasi, amezima kengele iliyokuwa ikimwamsha. Kapime sukari na presha, baba. Hakuna atakayekuuliza umekuja kwa sababu gani.

Fundi mwashi aliyebobea hukosewa heshima akiitwa kushona kanzu, na kanzu yenyewe huharibika. Tangawizi nayo tumeifanyia hivyo.

Sasa, nikupe maswali manne ya kujiuliza kila unapotajiwa dawa ya asili, iwe tangawizi, mlonge, mwarobaini au habbat soda. La kwanza: ni dawa ya nini, jambo moja linalotajika? Anayejibu "ya kila kitu" hajajibu. La pili: kiasi gani? La tatu: kwa muda gani, na nikiona nini nijue imeshindwa? La nne, nalo ndilo linalookoa maisha: naitumia pamoja na nini, au badala ya nini? Tangawizi pamoja na vidonge vya presha ni kinywaji. Tangawizi badala ya vidonge vya presha ni hatari. Kikombe ni kilekile.

Tuyajibu sasa kwa tangawizi. Ya nini? Kichefuchefu, tumbo lililojaa, na pengine maumivu ya hedhi. Kiasi gani? Tafiti nyingi zimetumia gramu moja hadi moja na nusu ya unga mkavu kwa siku, ikigawanywa mara mbili au zaidi. Gramu moja ya unga ni kama nusu ya kijiko cha chai. Tangawizi mbichi karibu asilimia 80 yake ni maji, kwa hiyo utahitaji kama gramu tano, yaani kipande cha ukubwa wa ncha ya kidole gumba, ukiponde na kukichemsha. Wataalamu wengi hushauri mtu mzima asipite gramu nne za unga kwa siku. Kwa muda gani? Kama ni kichefuchefu, ndani ya siku tatu, nne utakuwa umeshaona. Usipoona, tafuta chanzo.

Nani awe mwangalifu? Mwenye kiungulia na vidonda vya tumbo, kwa sababu tangawizi nyingi huchoma. Mwenye vijiwe kwenye nyongo amuulize daktari wake. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama wafarini, au anayemeza aspirini kila siku, atangulie kumwambia daktari kabla ya kuanza vidonge vya tangawizi, maana inadhaniwa kuongeza uwezekano wa kutoka damu. Anayesubiri upasuaji aseme pia, na mara nyingi ataambiwa asimamishe wiki moja au mbili kabla. Mjamzito aliyekaribia kujifungua asizidishe. Hapa nazungumzia vidonge na vijiko vya unga, si ile tangawizi ya kwenye pilau. Hiyo endelea nayo kwa raha zako.

Na mtoto anayehara? Asipewe tangawizi kama dawa. Mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti, yaani ORS, pamoja na vidonge vya zinki, na umwendeleze kunyonya. Hivyo ndivyo vilivyookoa watoto.

Neno moja kwa mnunuzi na kwa mkulima. Tangawizi nzuri ni ngumu, ngozi yake imekaza, ukiivunja inalia na kutoa harufu. Iliyosinyaa imepoteza maji tu, bado inatumika. Iliyoota ukungu itupe nzima, usikate sehemu mbaya ukabakiza nyingine. Ukungu wa viungo vilivyokaushwa vibaya unaweza kutoa sumukuvu, na sumukuvu huliandama ini. Ndiyo maana kukausha juu ya udongo pembeni mwa barabara ni kuharibu mali. Wakulima wa Mamba Miamba, juu kule milima ya Upare wilayani Same, ambako kuna kiwanda cha kuisindika, wanajua kwamba tangawizi iliyooshwa, ikakatwa vipande na kukaushwa juu ya kichanja, huuzika mbali zaidi kuliko ile iliyosombwa mbichi na dalali kwa bei ya msimu. Mnunuzi akianza kuuliza usafi, mkulima msafi atapata haki yake.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Tangawizi ni chema. Haihitaji kupakwa maradhi sita ili inunuliwe. Kutuliza kichefuchefu cha mama mjamzito anayeshindwa hata kunusa sufuria, kumwezesha mgonjwa wa saratani kumeza uji siku ya dripu, hizo ni kazi kubwa mno kwa kitu cha fungu la sokoni.

Nimalizie kwa ombi la vitendo. Safari ijayo utakapokwenda kliniki, ya presha, ya sukari, ya wajawazito au yoyote ile, usingoje kuulizwa. Mwambie muuguzi au daktari kila kitu unachokunywa nyumbani, hata kama unaona aibu, hata kama unadhani atakukaripia: "Nakunywa tangawizi, asubuhi na jioni, kijiko kimoja, mwezi wa pili sasa." Na ninyi wauguzi mnaonisikiliza zamu ya usiku, msimkaripie. Andikeni kwenye kadi yake, mmuulize na lile swali la nne. Mtu akiogopa kusema, ataendelea kunywa, ila mtamtibu bila kujua.